Neno Nililomtumia Mkalimani

Bomani, 9 Februari 1949

Ndugu Melkiory,

Pokea salamu nyingi kuliko migomba ya kwenu. Mimi mzima, mke mzima, watoto wanne wazima. Hofu yangu ni juu yako huko Songambele pamoja na watoto wa watu unaowafundisha.

Ndugu yangu, nimekwama. Hakimu wa zamani, yule mzee wa Kiingereza cha taratibu, amerudi kwao. Huyu mpya ni kijana, anasema haraka na maneno yake ni ya vitabuni. Jumatatu alitamka neno reluctant, watu wote wakanigeukia wakingoja nilitie katika Kinyambo. Nikasema, "Bwana anasema shahidi anaumwa." Bahati shahidi alikohoa.

Siwezi kumwuliza mtu hapa. Mkalimani akiuliza maana ya neno leo, kesho anatafutwa mkalimani mwingine. Lakini wewe unayo ile kamusi kubwa aliyokupa Padre ulipokuwa wa kwanza. Nitafutie haya matatu: reluctant, hearsay, corroborate. Nieleze kwa mambo ya kwetu, ili yakae kichwani.

Unakumbuka shuleni? Wewe uliandika, mimi nikasimama mbele nikasema, tukapigiwa makofi wote wawili. Sasa sikia: karani mmoja wa hapa anastaafu mwisho wa Machi. Nitakusemea kwa Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa boma. Karani hatakiwi kuongea, anaandika tu.

Mimi nduguyo wa dawati moja,
Placidius Byarugaba, Mkalimani


Songambele, 27 Februari 1949

Ndugu Placidius,

Barua yako imefika kwa lori la kahawa. Nashukuru kwa salamu.

Reluctant ni ng'ombe anayepelekwa machungani huku ndama wake amebaki zizini. Anakwenda, lakini kila hatua shingo iko nyuma. Hearsay ni habari ya soko la Nkwenda: kila mtu anayo, aliyeiona kwa macho hayupo. Corroborate ni pale anapokuja mtu wa pili na habari ileile, wala hakuambiwa na yule wa kwanza. Hapo ushahidi uliokuwa umesimama kwa mguu mmoja unapata wa pili.

Kuhusu ukarani, nimeisoma sehemu ile ya barua yako kila siku tangu ifike. Unanijua. Juzi nilitaka kumwambia mtoto "kaa", nikabaki kwenye herufi ya kwanza mpaka darasa zima likaanza kunisaidia kuimalizia. Hawakunidhihaki, walinihurumia tu, na hilo ndilo lililoniuma. Nina miaka ishirini na tisa, Placidius. Maneno yote ya kamusi ile ninayo kifuani, na mlango wa kuyatolea umebana. Karatasi hainiharakishi. Nisemee.

Nitakutumia maneno mengine wakati wowote utakaotaka.

Melkiory Ndyamukama


Bomani, 18 Aprili 1949

Ndugu Melkiory,

Ungemwona hakimu nilipomjibu kwa corroborate! Alivua miwani akanitazama. Sasa nina daftari dogo mfukoni, nayaandika yote unayonipa.

Jambo la ukarani limeharibika, ndugu yangu. Nilikusemea mpaka midomo ikakauka. Bwana Shauri amesema nafasi imefutwa, serikali inabana matumizi. Tumwachie Mungu. Ikitokea nyingine wewe ndiwe wa kwanza.

Nitafutie negligence, na remorse, na wilfully. Hili la mwisho hakimu alilisema mara moja tu, nikaliruka, lakini najua atalirudia.

Nduguyo,
Placidius


Rugera, 22 Mei 1949

Kaka Melkiory, shikamoo.

Mimi mdogo wako Anatolia nakuandikia. Hatujambo. Mume wangu Projest hajambo, ng'ombe wamezaa, watoto wawili wanakusalimu. Mwandiko wangu usiucheke, ni wewe uliyenifundisha.

Wiki iliyopita tulikwenda hospitali na mtoto mdogo, tukalala siku tatu kule mjini. Projest akaenda bomani kulipa kodi. Kaka, kile kiti ulichoniambia kimefutwa, kuna mtu amekikalia. Anaitwa Gosbert, ni kaka wa mke wa Placidius. Projest alikuwa hajui, akamwambia tu kwa maongezi kwamba shemeji yake, mwalimu wa Songambele, aliwahi kukitaka kiti hicho. Gosbert akasema, "Ah, yule mwenye kifafa?" Projest akamwuliza kifafa kipi. Akajibu kwamba Placidius ndiye aliyemwambia Bwana Shauri kuwa wewe una akili lakini unaanguka, na siku moja utaangukia wino na makaratasi ya serikali.

Nimefikiria sana nikuambie au ninyamaze. Nimeona nikuambie.

Usimwandikie kwa hasira. Mwandikie ukiwa umetulia.

Mdogo wako,
Anatolia Kokuhirwa


Songambele, 5 Juni 1949

Ndugu Placidius,

Asante kwa kunisemea. Najua ulijitahidi.

Negligence ni uzembe wa mtu aliyepewa kitu akitunze, kama mchungaji aliyelala ng'ombe wakaingia shambani kwa watu. Remorse ni majuto yanayorudi kila mtu anapojaribu kula.

Wilfully lisikutishe, ni jepesi kwa Mkristo yeyote. Ndani yake mna lile neno la sala ya Baba Yetu, mapenzi yako yatimizwe. Basi wilfully ni jambo lililomtokea mtu kwa mapenzi ya Mungu, mwenyewe hakukusudia. Mshtakiwa akisema, "Sikukusudia, ni Mungu tu," wewe sema wilfully. Ni neno la watu waliosoma sana. Hakimu atavua miwani tena.

Melkiory


Rugera, 20 Agosti 1949

Kaka, shikamoo.

Projest amekamatwa. Yuko mahabusu bomani tangu Jumatano.

Nakueleza kama ilivyokuwa, maana nilikuwapo. Tulikuwa tunanywesha ng'ombe, zamu ilikuwa yetu. Rugemalira, jirani yetu, akaleta wake akawapitisha mbele. Fahali wake akaanza kumpiga ndama wetu pembe. Projest akarusha fimbo kumpiga fahali. Rugemalira naye alikuwa anakimbilia kumshika fahali huyohuyo, fimbo ikampata jichoni. Jicho limepasuka, kaka. Projest alikuwa wa kwanza kumbeba. Alilia njia nzima.

Ndugu za Rugemalira wanasema alimlenga, kwa sababu wawili hao waliwahi kugombana. Kesi ni tarehe ishirini na sita Septemba. Projest hajui Kiswahili cha kutosha, atasema kwa Kinyambo, na atakayemsemea ni Placidius. Najua alichokufanyia. Lakini mlikula sahani moja miaka sita. Mwandikie aseme vizuri, aseme lile tu ambalo Projest atasema.

Anatolia


Songambele, 24 Agosti 1949
(Barua hii haikutumwa.)

Placidius,

Fungua daftari lako, ulifute neno wilfully. Nilikudanganya. Maana yake ni kwa makusudi, mtu akijua anachofanya na akitaka kukifanya. Niligeuza maana yake kwa sababu nilijua ya Gosbert na ya kifafa. Nilitaka uaibike siku moja mbele ya hakimu, akucheke, urudi nyumbani umeinamisha kichwa kama ninavyorudi mimi kila siku. Sikufikiri kwamba nyuma ya neno kuna mtu amesimama kizimbani. Sasa aliyesimama ni mume wa mdogo wangu.

Ukimwonyesha mtu barua hii nitafukuzwa kazi. Hata hivyo...

Melkiory


Songambele, 25 Agosti 1949

Ndugu Placidius,

Mshtakiwa Projest wa Rugera, kesi ya tarehe ishirini na sita Septemba, ni shemeji yangu. Nakuomba jambo moja. Siku hiyo acha maneno makubwa. Tumia yale madogo tuliyojifunza mwaka wa kwanza. Akisema hakutaka, sema hakutaka. Hata daftari liache nyumbani.

Melkiory


Bomani, 8 Septemba 1949

Ndugu Melkiory,

Pole kwa mkasa wa shemeji. Lakini barua yako imenichoma. Niliache daftari nyumbani? Miaka miwili nimesimama katika mahakama hii, leo unanirudisha mwaka wa kwanza? Au unaona kwa kuwa maneno ni yako, unaweza kuyadai yarudi?

Sitakuwekea kinyongo. Shemeji yako ni shemeji yangu. Nitamsemea kwa Kiingereza ambacho hakimu hajawahi kukisikia kwa mtu mweusi. Utaona.

Placidius


Rugera, 1 Oktoba 1949

Kaka, shikamoo.

Miaka mitano na kazi ngumu.

Nilikaa benchi la mbele. Nilisikia kila kitu, basi nakuandikia ili mtu mwingine ajue. Hakimu alimwuliza Projest kama alimpiga Rugemalira. Projest akasema kwa Kinyambo, "Fimbo ni yangu, mkono ni wangu. Lakini sikumtaka yeye, nilimtaka fahali. Mungu ndiye ajuaye." Alisema polepole, hata askari wa mlangoni aliinamisha kichwa.

Placidius akanyoosha koti lake. Akasema Kiingereza, maneno machache tu, na la mwisho alilivuta kama mtu anayeimba misa. Hakimu akaacha kuandika. Akamwuliza tena. Placidius akalirudia lilelile huku anatabasamu, kisha akanitazama mimi akaitikia kwa kichwa, kama anayesema usijali, nimemaliza. Hakimu akaandika. Baada ya hapo hakuuliza kitu tena. Hata shahidi wetu hakuitwa.

Neno lenyewe nimelishika. Nimelisema moyoni ndani ya lori njia yote ili lisinipotee. Ni wilifuli. Wewe unayo kamusi. Nitazamie maana yake, kaka, unijibu upesi.

Anatolia


Bomani, 10 Oktoba 1949

Melkiory,

Mwuaji wewe.

Gosbert alikuwa anapiga chapa kumbukumbu za kesi. Akaniuliza, "Yule mchungaji wa Rugera kwa nini alikiri mwenyewe?" Nikamwambia hakukiri, alikana. Akanionyesha mstari. Nikaingia ofisini kwa hakimu alipokwenda kula, nikafungua kamusi yake. Niliifunua kwa pupa mpaka nikachana ukurasa.

Nilikukosea nini? Nilikupenda kama ndugu. Nilikutaja kwa wakubwa.

Rufaa ni siku thelathini, mwisho tarehe ishirini na sita. Nimelifikiria jambo hili usiku na mchana. Nikisema sikujua neno, kazi imekwisha, na nyumba hii ya serikali, na watoto wanne. Nikisema ulinidanganya, wataniuliza kwa nini mkalimani wa serikali anafundishwa kwa barua. Mimi siwezi. Wewe nawe huwezi, utafungwa. Basi tunyamaze wote wawili. Miaka mitano si milele. Nitampelekea tumbaku.

Choma barua hii.

Placidius


Songambele, 16 Oktoba 1949

Placidius,

Mwulize Gosbert amekalia kiti cha nani, na ni nani aliyempa Bwana Shauri habari ya kifafa nisicho nacho.

Nakuja bomani.

Melkiory


Rugera, 20 Novemba 1949

Kaka, shikamoo.

Hujanijibu. Nilimtuma mtu shuleni kwako, akasema ulimwona ukaingia ndani. Projest wamempeleka gereza la mbali, hata jina lake silijui kulitaja. Nifanye nini? Neno moja tu nililokuomba.

Anatolia


Songambele, 14 Desemba 1949

Mdogo wangu Anatolia,

Kaa chini ndipo usome.

Neno hilo maana yake ni kwa makusudi. Placidius hakujua. Alidhani maana yake ni bila kukusudia, kwa sababu mimi ndiye niliyemwandikia hivyo, mwezi wa Juni, baada ya barua yako ya kifafa. Sikumjua atakayeumia. Lakini tangu siku uliponiambia kwamba Projest amekamatwa nilijua, na nilikuwa na mwezi mzima. Niliandika ukweli wote, nikaikunja karatasi, nikaitia ndani ya kamusi. Nikamtumia nyingine isiyosema kitu. Niliogopa kufukuzwa kazi. Niliweka ubao na chaki upande mmoja, mumeo upande mwingine, nikachagua chaki.

Nilikwenda bomani tarehe ishirini na moja Oktoba, siku tano kabla ya muda wa rufaa kwisha. Niliandika kila kitu kwa Kiingereza, kurasa mbili, sikuficha jambo. Sikutaka kuipitisha kwa Gosbert. Nikamngoja hakimu barazani. Alipotoka nikasimama mbele yake nikavua kofia. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, Anatolia, na nilikuwa nayajua vizuri kuliko sala zangu. Nikafungua mdomo. Nikabaki kwenye herufi ya kwanza. Hakimu alingoja, akatabasamu, akangoja, akatazama saa. Jasho lilinitoka mpaka machoni. Karatasi nilikuwa nayo mkononi na mkono wenyewe ukawa umekufa.

Ndipo Placidius akaja. Hakimu akamwuliza, "Anasema nini huyu?"

Placidius akanitazama machoni. Kisha akamjibu kwa Kiingereza safi, wala hakukosea neno hata moja, "Ni mwalimu wa kijijini, bwana. Ana kifafa. Amekuja tena kuomba kazi ya ukarani."

Hakimu akanigusa bega. Akasema maskini. Akaichukua karatasi yangu bila kuifungua, akampa Gosbert. Imerudi kwangu wiki hii, imepigwa muhuri kwamba imepokewa tarehe tatu Novemba, muda umepita.

Siombi unisamehe. Umeniuliza neno, nimekujibu.

Kaka yako,
Melkiory


Rugera, 9 Januari 1950

Kaka Melkiory,

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza niliitupa nje, mama mkwe akaiokota. Mama mkwe hajui kusoma. Aliniuliza ni habari njema, nikasema ndiyo.

Sikiliza. Nimetembea hadi misheni, nimemwonyesha Padre barua hiyo. Hata kama hukutaka aione. Padre anasema Jaji anayezunguka atafika mwezi wa Machi, na ana uwezo wa kutazama kesi hata kama muda umepita, akiona kuna udanganyifu. Ila anataka mtu mwenyewe aape kwa mdomo. Karatasi peke yake haitoshi.

Basi utakwenda. Mimi nitakaa karibu yako. Ukikwama utaanza upya. Ukikwama tena utaanza upya. Padre atamwomba Jaji angoje, na Jaji asipotaka kungoja mimi nitalala mlangoni kwake. Hutaandika chochote. Utasema. Hata kama itakuwa mpaka jioni, hata kama watu watacheka, hata kama utajikojolea mbele ya watu, utasema. Baada ya hapo ufungwe au usifungwe, hilo si langu.

Usinijibu. Uwe Nkwenda tarehe saba Machi, penye lori.

Anatolia


Rugera, 13 Agosti 1950

Kaka, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu Padre ameniomba. Amesema unaulizia.

Projest amerudi Jumanne. Karatasi ya Jaji ya kumwachia ilichukua miezi minne kulifikia gereza lake, na miezi hiyo minne alipasua mawe kama wengine. Siku ya kutoka hakuelezwa kitu. Askari alimpa shati lake na karatasi ya Kiingereza, akamwonyesha barabara. Kutoka Nkwenda alikuja kwa miguu. Nilikuwa shambani, nikaona mtu mwembamba anakuja kwa kutembea kando kando ya njia, kama asiyetaka kumpisha mtu wala kupishwa. Sikumjua mpaka mtoto mkubwa alipokimbia. Yule mdogo alijificha.

Anakohoa. Mkono wa kulia haufungi vizuri. Ng'ombe kumi na saba tuliokuwa nao wamebaki wanne, wengine ndugu zake waliwachukua wakisema wanawatunza. Hajawadai. Anaamka, anakaa mlangoni, anatazama wale wanne. Rugemalira alikuja na rubisi, ile pombe ya ndizi, akiwa na jicho lake moja, wakanywa pamoja. Nilidhani watalia. Hawakulia.

Ya Placidius nimeyasikia. Anapima kahawa ya watu sokoni Nkwenda, na Gosbert ndiye aliyebaki bomani. Na wewe nimesikia Padre amekuondoa shuleni, na ile miezi mitatu uliyofungwa umeimaliza. Umetaka kujua kama nimeridhika na vile ulivyosema mbele ya Jaji. Ulisema. Ilichukua tangu asubuhi hadi watu walipokwenda kula, na ulifika mwisho. Ndiyo. Lakini usinitumie mtu tena kuniuliza kama nimeridhika.

Sasa jambo ninalotaka ulijue. Projest hajui. Hajui kuhusu barua zenu, wala kuhusu kiti cha karani, wala kwamba kaka wa mkewe alikuwa na mwezi mzima. Anadhani hakimu tu hakumpenda. Jana alinipa ile karatasi ya Kiingereza akaniuliza inasema nini. Nilimwambia inasema aende nyumbani.

Hakuuliza zaidi. Lakini ni mtu anayefikiri polepole na hasahau. Siku atakapouliza sitamwongopea, nitamwambia kila kitu kwa mpangilio wake. Na akichukua njia ya kuja Songambele, sitamshika nguo.

Anatolia Kokuhirwa